Msichana wa miaka 14 hahitaji picha ya ovari

Mombasa ya leo ni rahisi kupata altrasaundi kuliko kumpata daktari atakayekaa nawe nusu saa akakusikiliza. Mama akiona bintiye hajaona siku zake mwezi wa tatu huu, moyo humwenda mbio kwanza kwa lile ambalo kila mama hulihofia. Kipimo cha mkojo kutoka duka la dawa kikionyesha hakuna mimba, anashusha pumzi, kisha anampeleka mtoto kwenye skeni. Jioni wanarudi na bahasha ya kaki. Ndani mna picha nyeusi isiyosomeka na sentensi mbili zinazosema ovari zote zina vifuko vingi, huenda ni PCOS, kifupi cha Kiingereza cha ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Kabla ya isha, shangazi wawili na jirani wa ghorofa ya juu wameshaarifiwa kwamba mtoto ana maradhi ya kizazi.

Mtoto mwenyewe ana miaka 14, na amevunja ungo mwaka jana tu.

Safari ile ilianzia mahali sipo. Kwa msichana wa umri huo PCOS haitambuliwi kwa picha. Hutambuliwa kwa kuhesabu miezi, kwa kuiangalia ngozi na kwa vipimo vichache vya damu, na mara nyingi jibu la haki ni kwamba bado ni mapema kulitaja jina la ugonjwa. Mwongozo wa kimataifa wa 2023, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unasema hivyo bila kuzunguka: altrasaundi isitumike kumtambua msichana balehe, wala kipimo cha AMH, homoni itolewayo na vifuko vya ovari, ambacho kwa mwanamke mtu mzima sasa kinakubaliwa mahali pa picha.

Ilikuwaje basi picha ikatutawala? Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake saba ambao hedhi ilikuwa imewapotea na ovari zao zimekuwa kubwa, zimejaa vifuko. Waliwapasua, wakakata kipande cha ovari, hedhi ikarudi kwa wote saba na wawili wakashika mimba. Kuanzia hapo ugonjwa ukajulikana kwa sura ya ovari. Leo inafahamika kwamba kiini chake kiko kwenye homoni: androjeni, zile tunazoziita homoni za kiume ingawa kila mwanamke anazo, zinazidi kiasi, na kwa wengi insulini isiyofanya kazi sawasawa mwilini hupanda na kuzichochea ovari zitoe androjeni zaidi. Vile vifuko si uvimbe. Ni vikoba vyenye mayai machanga yaliyoanza safari ya kupevuka yakasimama njiani.

Kisha ikaja 2003. Wataalamu walikutana Rotterdam wakaweka masharti matatu na kusema mawili yanatosha: hedhi isiyo na mpango, dalili za androjeni kuzidi, mwilini au kwenye damu, na ovari zenye vifuko vingi. Kwa mwanamke wa miaka 30 masharti hayo yana mantiki. Mpelekee mtoto wa miaka 14 uone. Hedhi yake haijatulia kwa sababu ubongo na ovari ndiyo kwanza zinajifunza kupokezana zamu. Ovari zake zina vifuko vingi kwa sababu huo ndio umri wa kuwa navyo. Tayari ana mawili kati ya matatu, na hajaumwa na chochote. Amekutwa na balehe.

Mashine nazo zimechangia. Rotterdam walisema vifuko 12 katika ovari moja vinatosha, vyenye upana wa milimita 2 hadi 9. Altrasaundi zikazidi kuwa kali, zikaanza kuviona ambavyo zamani havikuonekana, na kiwango kwa watu wazima kikabidi kipandishwe hadi 20. Kwa wasichana hakuna hesabu iliyokubaliwa hata moja. Anayekuandikia kwamba ovari za mtoto wako zina vifuko vingi anatumia kipimo cha mtu mzima.

Lipo na jambo ambalo huku kwetu halisemwi mbele za watu. Picha nzuri ya ovari hupatikana kwa kifaa kinachopitishwa ukeni. Hakuna mama wa Mji wa Kale, wala wa Mikindani, atakayekubali bintiye ambaye hajaolewa afanyiwe hivyo, na madaktari wenyewe hawafanyi. Kwa hiyo anapigwa picha juu ya tumbo, kibofu kimejaa mpaka anakaribia kulia, na picha inayopatikana ni hafifu zaidi, hasa kwa mtoto mwenye mwili mkubwa. Basi ni picha isiyofaa kwa umri wake, iliyopigwa kwa njia isiyoonyesha vizuri, ikisomwa kwa kiwango cha mtu mzima. Siioni sababu ya kumlipisha mzazi kwa hayo. Skeni ina kazi yake, tusiitupe: msichana mwenye maumivu makali ya tumbo, au ambaye hajavunja ungo kabisa wakati wenzake wameshavunja, anaihitaji kwa sababu nyingine.

Kwa mtoto balehe masharti ni mawili, na yote mawili lazima yawepo: hedhi iliyovurugika kupita kiasi cha umri wake, na androjeni zilizozidi. Sharti la kwanza ndilo linalochezewa zaidi, maana watu hawajui kiasi cha umri wake ni kipi. Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, kuruka miezi ni sehemu ya kukua. Kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu, kinachotia shaka ni mzunguko unaopungua siku 21 au kupita siku 45. Baada ya miaka mitatu kipimo kinakaza: chini ya siku 21, zaidi ya siku 35, au hedhi zisizofika nane kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ukishapita, pengo hata moja linalovuka siku 90 linastahili kuulizwa. Na msichana aliyefika miaka 15 hajaona damu, au ambaye imepita miaka mitatu tangu matiti yaanze kuota na bado kimya, apelekwe kwa daktari bila kusubiri.

Angalia hesabu hizo zinaanzia wapi. Zote zinaanzia siku aliyovunja ungo, wala si siku aliyozaliwa. Wasichana wawili wa miaka 15 wanaokaa dawati moja, mmoja aliyeanza akiwa na miaka 11 na mwingine miaka 14, hawapimwi kwa kipimo kimoja. Swali la kwanza la daktari lingekuwa mwezi na mwaka wa kuvunja ungo. Nyumbani kwingi bado yuko somo aliyemfunda mwali siku zile za mwanzo, na somo huwa hasahau. Mama naye hukumbuka kwa njia zake: ilikuwa kabla ya arusi ya fulani, au mwaka ule tulipohamia Kisauni.

Hapa ndipo Mombasa ina kitu ambacho kliniki nyingi za ulaya zingekitamani, na hatukitumii. Nyumba ya Kiislamu huhesabu hedhi ikitaka isitake. Mwenye siku zake haswali wala hafungi, na zile alizokula Ramadhani ni deni. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pwani, akilichelewesha deni hilo hadi Ramadhani nyingine pasipo udhuru atalipa na kibaba cha chakula juu ya kila siku. Kwa hiyo kila mwaka kuna mwezi mmoja ambao mama anajua kwa hakika bintiye alikula siku ngapi, na wakati mwingine ni tarehe ngapi hasa, kwa sababu siku hizo ndizo alizopikiwa chakula cha mchana akala jikoni kwa kujificha, wadogo zake wa kiume wasimwone.

Sasa fanya hesabu. Ramadhani ni siku 29 au 30. Msichana aliyevuka miaka mitatu tangu kuvunja ungo, mzunguko wake hautarajiwi kupita siku 35. Ukitoa siku tano za damu zinabaki siku 30 safi. Ili afunge Ramadhani nzima bila kula hata siku moja, lazima mwezi uandame pale pale alipokoga baada ya hedhi, na hilo hutokea kwa nadra. Akifunga nzima mwaka huu, inawezekana. Akifunga nzima miaka miwili mfululizo, kuna swali la kuuliza. Kwa aliyevunja ungo mwaka jana hesabu hii haifai, kwani mzunguko wa siku 45 unaruhusiwa na unaupita mwezi mzima kwa urahisi. Sisemi Ramadhani iwe kipimo cha hospitali, nasema ni kumbukumbu iliyo tayari, na ukimuuliza mama wa Majengo “mwanao huwa na deni la siku ngapi?” atakujibu haraka kuliko ukimuuliza mzunguko wa hedhi wa mtoto una siku ngapi.

Tatizo ni kwamba deni likikosekana, hakuna anayestuka. Kinyume chake, huwa sifa. “Mwanangu kafunga zote, mashaallah.” Na kimantiki mama ana haki ya kufurahi, kwa sababu elimu aliyopewa madrasa kuhusu damu ilihusu ile inayozidi. Fikihi inaeleza kwa urefu damu ikipita siku 15 iwe ni istihadha, yaani damu isiyohesabiwa hedhi, msichana aoge, aswali. Damu isiyokuja haivurugi ibada yoyote, basi haina mlango wake kitabuni. Tena ile inayozidi nayo ina mtego. Siku 15 ni mpaka wa ibada. Kwa daktari, msichana anayetoka damu zaidi ya siku saba anahitaji kuangaliwa, na PCOS huweza kuja kwa njia hiyo pia: yai lisipopevuka, ukuta wa ndani wa nyumba ya uzazi unaendelea kujijenga bila kuvunjwa, na ukija kuvunjika unavunjika kwa fujo. Msichana anayetokwa damu siku 12 na kuambiwa ni hedhi tu kwa kuwa haijafika 15 amejibiwa sawa kuhusu swala. Kuhusu damu inayompotea hajajibiwa. Walimu wa kike wa madrasa wangeweza kuongeza sentensi mbili hapo, na nadhani wangesikilizwa kuliko mabango ya afya.

Jingine la kuuliza ni vidonge vya kuchelewesha hedhi. Wako wanaovimeza ili wamalize Ramadhani au umra bila kukatizwa, na binti mkubwa nyumbani huiga. Daktari asipouliza ataandika hedhi imepotea kumbe ilizuiwa.

Nyumba isiyo ya Kiislamu ina daftari lake pia. Tangu sheria ya 2017, wasichana wa shule za umma wanatakiwa kupewa sodo bure, na mama wa Changamwe anayeona pakiti ya muhula uliopita bado imejaa nusu kwenye sanduku ameona jambo. Walio bweni ndio wanaopotea katikati. Hawaonwi na mama miezi mitatu, na matroni ana mamia.

Sharti la pili ni androjeni, na hapo kazi inaanzia kwenye ngozi. Nywele nene, nyeusi, kwenye kidevu, juu ya mdomo, kifuani, chini ya kitovu, mgongoni, mapajani. Madaktari wana hesabu yake: sehemu tisa za mwili, kila moja hupewa alama kuanzia sifuri hadi nne, na jumla ya nne hadi sita kwenda juu, kutegemea asili ya mtu, huhesabiwa kuwa imezidi. Mombasa, mji ambao darasa moja lina Mmijikenda, Mbajuni, Mhindi na mwenye babu kutoka Hadhramaut, hilo la asili lina uzito. Kuna koo ambazo wanawake wote wana nywele nyingi na hedhi zao ni kama saa ya mnara. La kushangaza wengi ni kwamba malaika, yaani vinyweleo laini, ya miguuni na ya kuanzia kiwiko hadi kiganja, yale yanayowakera wasichana na kuwafanya wavae soksi ndefu, hayahesabiwi kabisa.

Lakini nani atayaona hayo yanayohesabiwa? Msichana anakuja kliniki amevaa buibui, na juzi yake amekaa na dada yake chumbani wakipakana sukari iliyochemshwa kwa ndimu na kuvuta nywele zote, au amepita saluni wakamnyoa kidevu kwa uzi. Daktari anamwangalia uso, anaona laini, anaandika hakuna. Anayeijua Mombasa hauangalii uso peke yake. Anauliza: mwanangu, unatoa nywele wapi, na baada ya siku ngapi zinarudi? Anayejibu kwamba kidevu anakitoa kila baada ya siku tatu ameshatoa maelezo ya maana kuliko picha yoyote. Na swali hilo halijibiwi mbele ya baba.

Chunusi zinapotosha. Zile vichwa vyeusi za kawaida kila mtoto wa Gredi ya 8 anazo. Za kutiliwa maanani ni zile nyekundu, zenye usaha, zilizojaa uso, zisizosikia dawa. Na shingo. Mama wengi wamemsugua mtoto shingo kwa dodoki, ndimu na magadi, wakimgombeza. “Mbona shingo yako haikwishi taka? Yuwaoga vipi wewe?” Ule weusi mzito kama mahameli, nyuma ya shingo na kwapani, hauondoki kwa kusuguliwa kwa sababu si uchafu. Ni ngozi inayotangaza kwamba insulini iko juu. Hauhesabiwi katika masharti mawili ya PCOS, lakini mtoto mwenye nao anafaa kupimwa sukari, na kwa nyumba ambayo bibi na ami wote wana sukari ningelifanya hilo kabla ya jingine lolote. Wala tusidhani ni maradhi ya wanene. Wembamba wanayo pia, na ndio hucheleweshwa zaidi, kwa kuwa hakuna anayewashuku.

Kwenye damu kinachotafutwa ni testosteroni, jumla yake na ile iliyo huru. Vipimo vya bei nafuu hubahatisha kwenye viwango vidogo vya wanawake, basi jibu linaloambaa mpakani lisimtie mtu wazimu. Lirudiwe, ikiwezekana kwenye maabara yenye njia sahihi zaidi. Uwiano wa LH na FSH, homoni zinazotoka ubongoni kuziamuru ovari, ambao bado unaagizwa sana na kusomewa wazazi kama hukumu, haumo katika masharti. Kisha kuna kazi ya kuondoa mengine yanayofanana: mimba, tezi la shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) iliyopanda, na ule upungufu wa kurithi wa tezi za juu ya figo unaopimwa kwa homoni ya 17-hidroksiprojesteroni. Msichana anayejinyima chakula au aliyekonda ghafla hupotewa na hedhi vilevile. Na ikiwa sauti imekuwa nzito na nywele zimeota kwa kasi katika miezi michache, hapo si suala la kungoja mwezi ujao: huenda kuna uvimbe unaotoa homoni.

Kipimo cha mimba nimekitaja cha kwanza makusudi. Chumba kinapaswa kuwa na msichana na daktari peke yao kwa dakika chache, na hili ndilo gumu kuliko damu yenyewe. “Mama, naomba utusubiri nje kidogo.” “Kwani mwanangu ana siri gani nisiyoijua mimi?” Daktari mjanja humwambia mama kuwa ndivyo anavyofanya kwa wasichana wote, bila kubagua, na humaanisha hivyo. Hapo ndipo nywele, vidonge, chakula anachokitapika na huzuni anayoilalia hupata nafasi ya kutoka. Mwongozo unataka kila mwenye PCOS aulizwe kuhusu huzuni na wasiwasi. Kwa mtoto anayeambiwa kila arusini kwamba amenenepa, hilo si jambo la pembeni.

Sasa yupo msichana mwenye sharti moja tu. Hedhi imevurugika lakini testosteroni ni ya kawaida na nywele hazizidi, au kinyume chake. Mwongozo unamwita aliye kwenye hatari, na unataka aangaliwe tena baadaye, hadi atimize miaka minane tangu kuvunja ungo, mwili ukiwa umekomaa. Nimesikia madaktari wakilalamika juu ya hili, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mzazi wa Kenya halipi nauli ya pili kwa ajili ya ugonjwa ambao haujapewa jina. Mama wa Likoni aliyevuka feri na kupanga foleni hospitali ya Makadara tangu alfajiri akiambiwa “tungoje,” atasikia “hana kitu,” na msichana hataonekana tena mpaka miaka sita baadaye, ndoa imeingia matatani. Jina humfunga mtu kwenye kliniki.

Naikubali nusu yake. Kuna wasichana wengi zaidi waliofukuzwa kwa “utazoea” na “ukiolewa itatengenea” kuliko waliobandikwa jina mapema, na hasa wasio na pesa za skeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba PCOS huwapata wanawake kati ya asilimia 6 na 13 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajatambuliwa. Lakini dawa ya kutotambuliwa si kuwabandika watoto wazima. Na hoja ya nauli inasahau jambo moja: matibabu hayangoji jina. Hedhi inayopotea zaidi ya miezi mitatu inaweza kutibiwa leo, chunusi leo, sukari leo, nywele leo, mtoto akiwa bado yuko kwenye orodha ya kuangaliwa. Mama akiondoka na dawa mkononi na tarehe ya kurudi, atarudi.

Dawa yenyewe ndiyo inayozua zogo. “Daktari, mtoto wa watu hajaolewa, wampa vidonge vya kupanga uzazi?” Ni swali la haki, lijibiwe bila kukunja uso. Vidonge vile vyenye homoni mbili hupunguza androjeni zinazozunguka huru mwilini, na huulinda ukuta wa nyumba ya uzazi usijijenge miezi nenda miezi rudi, jambo ambalo likiachwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Haviharibu kizazi. Si vya kila mtu: mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mianga machoni, au historia ya damu kuganda, havimfai, na yuko daktari wa kusema hivyo, si muuza duka. Hapa nina ugomvi na kaunta za dawa zinazouza “vya kurudisha hedhi” bila swali lolote. Msichana anameza siku kumi, anaacha, damu inakuja, mama anashukuru. Ile damu imeletwa na kuacha kidonge. Ovari haijafanya lolote. Na kama ni vidonge vya homoni mbili, vipimo vya androjeni atakavyofanyiwa wakati bado anavimeza vitasema yuko sawa. Uwatu na habbasoda sina neno navyo jikoni. Wanaoviuza mtandaoni kwa jina la kusafisha kizazi cha mabinti nina neno nao, ila si la kuandikwa hapa.

Neno baya kuliko yote katika habari hii ni “hutazaa.” Wengi wenye PCOS huzaa, baadhi bila msaada wowote na wengine kwa dawa ya kuamsha yai, ambayo ya kwanza kuchaguliwa leo ni letrozoli. Msichana aliyeambiwa akiwa na miaka 14 kwamba hatazaa huchagua maisha yake kwa kauli hiyo: wengine huikubali posa ya kwanza inayobisha hodi kwa kuogopa muda, wengine hupata mimba bila kutarajia kwa kuamini hawawezi kushika. Sijui ni daktari gani aliyewahi kuitwa kueleza aliipata wapi kauli hiyo kwenye picha ya ovari.

Msichana aliyevunja ungo akiwa na miaka 12 atatimiza miaka minane akiwa na 20. Wakati huo huenda yuko chuoni Eldoret, au ameolewa Lamu, au anauza duka Mtwapa, na kliniki iliyomwona akiwa Gredi ya 9 haina namba yake. Kwa hiyo karatasi ya kuangaliwa upya aishike yeye, aipige picha kwenye simu, aitumie na dada yake. Iwe na mwezi na mwaka wa kuvunja ungo, pengo refu kuliko yote kati ya hedhi mbili, sehemu alizokuwa akitoa nywele, testosteroni ilikuwa ngapi na ilipimwa maabara gani, sukari ilikuwa ngapi, na mwaka anaotakiwa kurudi. Kama mwaka huo utamkuta bado anameza vidonge, aviache angalau miezi mitatu kabla ya kupimwa androjeni, na akiwa na mume na hataki mimba kwa sasa, watumie kinga isiyo na homoni katika miezi hiyo mitatu.